Sindano Yenye Meno

Niliukuta Gikomba, chini ya lundo la pasi zilizokufa:
msumeno wa nakshi, taya mbili wazi,
kutu begani, waya umefungwa utepe mweusi.
Elfu sita, akasema muuzaji.
Nikampa nne na mia tano, na sketi ya kaki
aliyokuwa akiikodolea macho kwa niaba ya mkewe.

Miaka ishirini na sita nimeshona sare za shule.
Nakijua chombo kinachopanda na kushuka palepale
kikakuachia wewe kazi ya kuzungusha.
Nikajiambia, hii ni cherehani tu,
cherehani iliyosahau uzi.

Siku ya kwanza nilivunja nyembe saba.
Saba! Kila mmoja ulilia *ting*, ukanirukia aproni,
nami nikabaki na ubao
uliotafunwa kama gunzi.

Wafubwa, wa karakana ya pili hapa Kariobangi,
hakucheka. Alikuja na chai yake mkononi,
akaudonoa wembe kwa ukucha
kama anayejaribu uzi wa litungu.
"Huu umelegea, unaongea kama mlevi.
Kaza mpaka uimbe."
Akakaza. Ukaimba.
"Na meno yatazame chini, mama.
Umeyaelekeza darini. Wataka ubao upae?"

Kisha akaleta mkebe wa kakao,
ndani nyembe zimefungwa mafungu mafungu
kwa vipande vya tyubu ya baiskeli.
Namba mbili, karibu unywele:
ya plaiwudi nyepesi, ya kope, ya ncha za majani;
ukiiharakisha inakufia mkononi.
Namba tisa, meno mbalimbali kama ya babu yake:
hiyo ya mvule mnene, safari ndefu iliyonyooka,
lakini usiiombe kona.
Akanisukumia namba tano.
"Anza na hii. Haina makuu. Itakusamehe."

Nikazikumbuka sindano zangu,
kumi na moja ya hariri, kumi na sita ya jinzi.
Nani alinifunza? Sikumbuki mtu.
Kitambaa chenyewe, nadhani, kwa kuchanika.

"Kila wembe una upande unaoupenda," akasema akiondoka.
"Huo wako unavuta kulia. Usigombane nao.
Upishe ubao kidogo, mwende."
Hilo nilishaolewa nikalijua,
ila sikumwambia.

Sasa nakata jina la mjukuu, KWAMBOKA,
kwenye kipande cha jakaranda
kutoka mti ulioangushwa na kanjo bila kuuliza mtu.
K na W ni za nje, unazizunguka kama mfuko wa shati.
A ina tumbo.
Hapo utoboe kwanza, uufungue wembe,
uupitishe tunduni kutoka chini, uufunge tena juu,
na vidole vyangu vikafurahi peke yao,
maana huku ni kutunga uzi,
na kutunga uzi naweza hata nikisinzia.

Ubao hausukumwi. Unaegemezwa,
kama mtoto anayejifunza kutembea
unavyomwachia kidole kimoja.
Vumbi la jakaranda ni jeupe, laingia nyusini.
Nikipiga chafya mstari unayumba, na M yangu
ina goti lililovimba. Iache hivyo.
Kwamboka naye ana kovu gotini.

B ina vyumba viwili.
Cha juu nimekimaliza, kipande kikadondoka mapajani,
nusu mwezi mdogo, bado una joto.
Nimeingiza wembe katika cha chini,
nimeukaza, umeimba,
na stima ikapotea.

Grainda ya jirani ikashuka sauti mpaka ikaisha.
Mchomeleaji akatukana, kwa upole.
Halafu kimya, na kile giza la mabati
lenye matundu ya misumari yanayong'aa.

"Uko herufi gani?" Wafubwa akaita.
"B," nikasema. "Nusu."
"Usiuchomoe."

Sijauchomoa. Nimekaa, mkono juu ya ubao,
wembe ungali ndani.